Ardis Sletten Aomba Kupimwa

Lami ya barabara ilikuwa inanata kwenye viatu siku ile, na mbwa wa jirani alikuwa amejichimbia shimo chini ya lori akalala humo, ulimi nje. Ardis Sletten alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba yake akimenya viazi. Alikuwa amevaa koti la baridi, lile zito la sufu, vifungo vyote vimefungwa hadi kidevuni. Ilikuwa Julai.

"Ardis," nikamwita, "unaumwa?"

"Mimi? Sina neno."

"Umevaa koti."

Akalitazama lile koti kana kwamba limemjia lenyewe. "Kuna kaupepo," akasema.

Hakukuwa na upepo. Ngano ilikuwa imesimama wima mpaka mwisho wa macho, haitikisiki hata suke moja. Kisha kisu kikasimama katikati ya kiazi, kichwa kikainama, na Ardis akalala. Alilala palepale, ganda refu likining'inia mkononi bila kukatika. Nikakaa ngazi ya chini yake, nikamwondolea kisu taratibu, nikamalizia viazi mwenyewe. Sikujua la kufanya zaidi ya hapo.

Mimi nimekaa sehemu nyingi kuliko nilivyokaa darasani. Nimechuma tufaha, nimepakia magogo, nimepikia wajenzi wa reli, na kila nilipoanza kujua njia za mji niliona umefika wakati wa kuuhama. Huko kaskazini mwa Minnesota, karibu na Mto Mwekundu, nilikwenda kuvuna viazi sukari, vile vinavyokamuliwa sukari, kwa msimu mmoja tu. Ardis alikuwa mjane mwenye chumba kitupu juu ya karakana. Msimu ukaisha, theluji ikafunga barabara, nikabaki. Theluji ikayeyuka, nikasema nitaondoka wiki ijayo. Nadhani wiki ile bado haijafika.

Ardis niliyemkuta alikuwa mtu mwingine. Yule alikuwa anaweza kumvuta ndama aliyekwama tumboni mwa mama yake, mikono imeingia mpaka mabegani, halafu akaoga, akaingia jikoni kusukuma chapati za viazi za kanisa zima. Kicheko chake kilikuwa kinamfikia mtu wa shamba la pili. Mimi kila asubuhi nilikuwa nafukuzwa jikoni kwa mwiko, maana alisema napika kama mtu anayezima moto.

Kicheko kile sijui kiliondoka lini. Vitu vya aina hiyo haviagi. Nilichokiona ni kwamba sauti yake ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, na ukimuuliza jambo ilibidi ungoje, kana kwamba jibu linaletwa kwa posta. Uso ulikuwa umevimba kidogo. Nyusi zake zilikuwa zimepukutika upande wa nje, zimebaki nusu nusu. Kanisani wakasema ni umri. Mchungaji akasema ni majonzi ya mumewe, ingawa mume alikuwa ameshapumzika siku nyingi, na Ardis alikuwa amemlilia, akamaliza, akapaka nyumba rangi. Mwenyewe alikubaliana na kila mtu.

Septemba, tukiwa mezani, akaniambia bila kuinua macho, "Nimeandikisha jina kule makao ya wazee. Kuna chumba kitakuwa wazi theluji ikianza."

"Unakwenda kumtembelea nani?"

"Nakwenda kukaa, Pruitt."

Akanisogezea siagi, kama mtu aliyesema kesho kutakuwa na mawingu.

Usiku huo nilimkumbuka dada yangu Iva. Sisi tumezaliwa milimani Arkansas, na Iva alipofika umri wa makamo alianza kulala hivyohivyo, kichwa mezani, sauti kama ya mwanamume, blanketi mabegani wakati sisi wengine tunajipepea. Tulimwita mvivu, Mungu atusamehe. Ikaonekana ni tezi ya shingo, ile ndogo iliyokaa chini ya koo, ambayo ikilegea mwili mzima unalegea nayo. Walimpima damu, wakampa kidonge, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ananikimbiza uani na ufagio.

Asubuhi nikamwambia Ardis yote hayo. Nikamwambia aende kwa Daktari Quintero, amwombe ampime tezi.

Alikwenda. Hilo la kumsifu. Aliporudi nilikuwa nakoroga uji.

"Amekupima?"

"Alisema anaweza kunipima akitaka."

"Akitaka nani?"

"Nikitaka mimi."

"Ukasemaje?"

"Nikasema asijisumbue."

Nikaweka mwiko chini. "Halafu?"

"Halafu basi. Akasema sawa, akaniaga." Akajiegemeza mlangoni, hajafungua koti. "Hakurudia, Pruitt. Alisema mara moja tu. Kama alikuwa na nia kweli, si angerudia?"

Hapo nikaelewa, na nikatamani kulia na kucheka kwa pamoja.

Wiki yangu ya kwanza kule walinikaribisha keki katika ukumbi ulio chini ya kanisa. Mama mmoja akaninyooshea sahani. "Utakula kipande?" Nikasema, "Ndiyo, asante," nikachukua. Chumba kizima kikaacha kutafuna. Mkono wa yule mama ukabaki hewani. Ardis ndiye aliyenivuta pembeni akanieleza kwa upole, kama anayemweleza mtu kwamba zipu yake iko wazi. Ukikaribishwa mara ya kwanza unakataa. Ile ni salamu tu. Mara ya pili unakataa pia, ila kwa sauti ya chini. Mara ya tatu unasema, "Basi, kadogo tu," na hapo ndipo unakula, na unaweza kula sahani nzima kama unataka. Wenyeji wa kule wanajua hesabu hiyo tangu matumboni mwa mama zao. Hakuna anayekufa njaa.

Daktari Quintero alikuwa binti wa Texas kusini, mpakani kabisa. Ulikuwa ni mwaka wake wa kwanza katika ile kliniki yetu ndogo.

"Kwao," nikamwambia Ardis, "mtu akisema hapana, ni hapana. Ni heshima hiyo."

"Basi kwao wanalala njaa."

"Rudi umwombe."

"Nimwombe?" Alilitamka neno hilo kana kwamba nimemwambia avue nguo madhabahuni. "Mtu haendi kuomba apimwe damu. Kuna wagonjwa pale."

Nikamwambia mgonjwa ni yeye. Hakusikia, maana alikuwa ameshalala, amesimama vilevile, kichwa kwenye fremu ya mlango.

Kilichomrudisha kwa daktari ni viazi sukari. Katikati ya mavuno, akiwa anaendesha gari kutoka dukani, alisinzia. Gari likaacha barabara polepole, maana hata mwendo siku hizo alikuwa hana, likaingia shambani kwa Palmer Bakke na kusimama lenyewe kwenye matope. Palmer akaja na trekta. Mimi nilikuwa nyuma ya trekta lile, kwenye mavuno, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu.

"Ardis," akasema Palmer, "nikuvute?"

"Aa, hapana. Nimepumzika kidogo tu."

Palmer akatazama magurudumu, yamezama nusu. Akatazama mbingu. "Si kazi kubwa. Mnyororo ninao."

"Una viazi vyako, Palmer. Nisikucheleweshe."

Palmer akakohoa, akavua kofia, akaivaa tena. "Basi nikuvute tu, kwa vile nimeshafika."

"Kama umeshafika," akasema Ardis.

Alipotolewa akanikabidhi funguo. Tulipofika nyumbani akasema, "Ningeweza kumgonga mtu." Kisha akasema, "Nipeleke. Lakini ukifungua mdomo mle ndani, Pruitt, utafute pa kulala."

Nikaapa.

Daktari Quintero alikuwa amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na skafu. Baridi ya kwetu ilikuwa bado haijaanza, lakini yeye alikuwa ameshashindwa. Kwa hiyo koti la Ardis halikumshtua hata kidogo. Walikaa wakitazamana kama watu wawili wanaongoja gari moshi la nchi ya barafu.

"Bi Sletten, hali yako?"

"Si mbaya."

"Usingizi unapata?"

"Napata."

Alikuwa anapata wa kwake na wa jirani zake wote. Nikatazama buti zangu.

"Kuna kinachokusumbua?"

"Kuna wenye shida kuliko mimi. Delores Fossum kabadilishwa nyonga."

"Bi Fossum nitamuona. Nakuuliza wewe."

"Siwezi kulalamika."

Daktari akaandika. Kalamu haikwenda mbali. Angeandika nini? Mtu mzima, mwenye akili zake, anamwambia hana lalamiko. Akafunua karatasi ya nyuma, akasema, "Safari iliyopita nilikwambia tunaweza kupima tezi ya shingo, ukaona haina haja. Umefikiri tena?"

Ile ilikuwa ya pili! Yule binti wa Texas, bila kujua, alikuwa anakanyaga palepale panapotakiwa kukanyagwa.

"Aa," akasema Ardis, kwa sauti ya chini sana, "usijisumbue."

Nikamtazama. Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi niliona uhai machoni pake. Mambo yalikuwa yanakwenda sawasawa. Alikaa wima, mkoba magotini, kidole gumba kikisuguasugua kufuli ya mkoba. Imebaki moja. Nikaing'ata kofia yangu.

Daktari akavuta pumzi, akafungua mdomo, na naapa mpaka leo kwamba ilikuwa inakuja. Mlango ukagongwa. Nesi Lavonne akaingiza kichwa.

"Daktari, simu ya hospitali ya mjini. Wanasema haraka."

"Nakuja." Akainuka, akamshika Ardis bega. "Basi, Bi Sletten, tuonane baada ya mwaka mpya. Ukiona mabadiliko, nipigie." Akatoka.

Baada ya mwaka mpya Ardis angekuwa na chumba chenye dirisha moja na kengele kando ya kitanda. Tulisikia viatu vya daktari vikienda mwisho wa ujia.

"Alibakiza moja," Ardis akasema.

Nikaonyesha mdomo wangu kwa kidole.

"Sema tu."

"Mfuate."

"Mtu hafuatwi, Pruitt. Ana kazi."

"Ardis, mimi nimefukuzwa kazi katika majimbo mengi kuliko unavyoweza kuyataja, na sikuwahi kusikitika. Lakini sijafukuzwa jikoni kwako tangu mwaka jana. Nataka kufukuzwa. Nimechoka kula mapishi yangu."

Alikaa sana. Nikadhani amelala. Kisha akaweka mkono kwenye ukingo wa kile kitanda cha wagonjwa, akajiinua kwa vipande, goti kwanza, mgongo baadaye, akatoka. Ujia ule haukuwa mrefu. Yeye alitembea kama anayevuka mto, mkono mmoja ukutani, na mimi nyuma yake nikiwa nimebeba mkoba.

Simu ilikuwa mapokezini, na mapokezini ndipo watu wanapongojea. Palmer Bakke alikuwepo, kanyoosha mguu. Delores Fossum alikuwepo na fimbo yake. Walikuwepo na wengine, wote wa kanisa letu, wote wakisoma magazeti ya zamani kwa bidii ile ambayo watu wa kule husomea wasionekane wanasikiliza. Ardis akasimama mbele ya kaunta, akangoja daktari amalize. Simu ikashushwa.

"Bi Sletten? Umesahau kitu?"

"Nilikuwa nafikiri," Ardis akasema. "Nasikia wapo watu wanaopimwa hiyo tezi."

"Wapo," Daktari Quintero akasema.

Kwa mwenyeji wa pale, Ardis alikuwa ameshapiga magoti. Daktari yeye aliona ameletewa habari tu.

"Watu waliochoka," Ardis akaongeza.

"Ndiyo. Hasa hao."

Lavonne, mzaliwa wa palepale, aliacha kuandika. Alitazama dari, midomo inacheza kama anasali. Gazeti la Palmer lilikuwa limesimama ukurasa uleule, tena limepinduliwa.

Ardis akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Nataka," akasema.

Nilikuwa nimeishi naye meza moja miaka yote ile na sikuwahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Hata chumvi mezani alikuwa haiombi. Alikuwa anasema chumvi iko kule.

"Nataka kupimwa. Nimechoka, Daktari. Si uchovu wa kazi. Kazi naijua. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nasikia baridi jua la Julai likiwa utosini. Nywele zinabaki kwenye kitana. Nimelala nikimenya viazi, nimelala nikiendesha gari, nimelala mchungaji akihubiri..."

"Hilo sote," Palmer akasema nyuma ya gazeti.

"...na sijui niliko. Najitafuta humu ndani sijioni. Nataka mnitoe damu mpime hiyo tezi. Leo. Na nisiulizwe tena kama nataka."

Sauti yake ile nzito ilijaa chumba. Alipomaliza alikuwa anahema, mashavu yamepata rangi. Daktari Quintero alikuwa amesimama vilevile, kalamu mkononi, na sasa alimtazama kweli. Alitazama koti, akatazama nyusi, akanyoosha vidole akamgusa shingoni taratibu, pande mbili, huku akimwambia ameze mate.

"Lavonne," akasema, "mchukue Bi Sletten umtoe damu sasa hivi." Kisha, kwa upole, "Kwa nini hukuniambia haya yote mle ndani?"

"Ulikuwa umenibakizia moja."

"Moja gani?"

"Nitakueleza, Daktari," Lavonne akasema, akitoka nyuma ya kaunta na macho yamelowa, "lakini itabidi ukae chini. Twende, Bi Ardis. Wewe leo umeniua kabisa."

Wakaingia ndani. Kisha Palmer akakunja gazeti.

"Kama siku hizi mambo ni hivyo," akasema, "mimi goti hili nimesema ni zuri. Si zuri. Ni baya tangu msimu wa jana. Linanilia kama bawaba."

"Nyonga mpya inauma kuliko ile waliyotoa," Delores Fossum akasema, haraka, asije mtu akamwahi. "Na nilimwandikia yule daktari wa upasuaji barua ya shukrani!"

"Mimi sisikii sikio hili," akasema mzee mmoja kwenye kona.

"Hilo tunajua, Orville."

"Ati?"

Nilikuwa nimeishi kati ya watu wale nikidhani wana afya kuliko watu wote duniani. Alasiri ile walilalamika mpaka kliniki ikachelewa kufungwa. Walilalamika kwanza kwa aibu, halafu kwa raha, halafu kwa ushindani. Mwanamke mmoja ambaye alikuja kumsindikiza tu mumewe alimwomba Lavonne nafasi yake mwenyewe. Palmer alicheka mpaka akashika goti. Ardis aliporudi, pamba imebandikwa mkononi, walimsogezea kiti na kumuuliza kama angependa kahawa. Akakataa. Wakamuuliza tena.

Daktari Quintero alipiga simu mwenyewe. Ardis aliusogeza mkono wa simu mbali kidogo na sikio ili nami nisikie. Daktari akaeleza kwa maneno ya kawaida kwamba ubongo unaipigia tezi kelele iamke ifanye kazi, kelele kubwa asiyowahi kuiona kwenye kipimo cha mtu anayetembea kwa miguu yake, na tezi haisikii. Imelala. "Ulikuwa unapandaje ngazi, Bi Sletten?"

"Polepole," Ardis akasema. Kwa kipimo cha kule, hicho kilikuwa kilio.

Dawa yenyewe ilikuwa kidonge kidogo kuliko dengu. Ikawa ni ya kila asubuhi, labda ya maisha, tumbo likiwa tupu, na baada yake lazima angoje saa nzima kabla ya kahawa. Hapo ndipo nilipoona mateso. Yule mwanamke alikuwa hajawahi kuona jua likichomoza bila kikombe mkononi. Alikaa mbele ya birika, mikono imefumbatwa, akiisikiliza ikichemka.

"Kidonge si kitu," akaniambia. "Dawa kali ni hii saa."

Daktari alikuwa ametuonya kwamba mwili hauamki siku moja, na kwamba atampima tena na kuongeza dawa kidogo kidogo. Tulisikia, ila kusikia si kungoja. Theluji ya kwanza ikaanguka, Ardis bado analala mchana. Ya pili ikaanguka, ikakaa. Makao ya wazee wakapiga simu: chumba kiko wazi, kimepakwa rangi, atakuja lini? Akawaambia atawajibu. Usiku huo aliteremsha sanduku kutoka darini, na mimi nilipanda kitandani kwangu juu ya karakana nikahesabu miji ninayoweza kwenda wakati wa baridi. Sikutaka hata mmoja.

Sanduku lilikaa kando ya mlango siku kadhaa, wazi, tupu. Nililiruka kila nikipita.

Asubuhi moja nikaingia jikoni kupika uji kama kawaida. Nilikuwa nimeshika sufuria. Mwiko ukanipiga kwenye kiwiko.

"Nani kakwambia uji unapikwa kwa moto wa kuchoma jiji? Toka. Toka jikoni kwangu, Pruitt, na ufunge mlango, unaingiza baridi."

"Unasikia baridi?"

"Nasikia hasira. Toka!"

Nikatoka. Nikasimama kwenye theluji na soksi, sufuria bado mkononi, nikicheka peke yangu kama mwendawazimu. Palmer alipita na lori, akapunguza mwendo, akanitazama, akaniinulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani kama wanavyosalimiana kule, akaendelea na safari yake.

Siku hiyohiyo aliwapigia makao. Ilimchukua muda mrefu kufika kwenye jambo lenyewe, maana ilibidi kwanza aulize watoto wa msimamizi, na barafu ya ziwani imefika unene gani, na nani kaoa. Akasema kwamba labda si sasa. Akasema kwamba anaona bado kidogo. Nikamtolea macho kutoka sebuleni. Akanipa mgongo, akanyoosha mabega, akasema, "Hapana. Siji. Mpeni mwingine chumba hicho." Kisha wakaagana, na kuagana kwenyewe kukawa kurefu kuliko mazungumzo.

Alirudi kipande kipande. Kwanza hasira, kisha njaa, kisha nguvu za mikono. Kicheko kilikuja mwisho. Kilimtoka kanisani, wakati mbaya kabisa wa ibada, na mchungaji akakisamehe.

Masika, barafu ya mtoni ikavunjika. Aliniamsha kabla ya mapambazuko akigonga ngazi za karakana kwa buti, kwamba tunachelewa, kwamba barafu itapita bila sisi kuiona. Watu walikuwa wamesimama juu ya tuta la mto na chupa zao za kahawa ya moto. Mabamba ya barafu, makubwa kama sakafu za nyumba, yalikuwa yanapandana na kupasuka kwa kishindo. Ardis alikwea tuta bila kofia, koti liko wazi linapepea, haraka, akichimba matope kwa visigino. Mimi nilikuwa chini katikati ya mteremko, mkono kiunoni, natafuta pumzi.

Alipofika juu akageuka. Upepo ulikuwa umemtupia nywele usoni, na alikuwa anasema jambo huku akionyesha nyuma yangu, kule shambani, mikono inajenga kitu hewani. Lilikuwa swali. Niliona kwa jinsi alivyonyanyua nyusi. Barafu ilikuwa inanguruma na sikusikia neno hata moja.

"Ndiyo!" nikapiga kelele.

Garini, tukirudi, nikamuuliza nimekubali nini. Akasema nimekubali tubomoe lile banda la ng'ombe lililoinama, lote, mpaka msingi, tujenge jingine kabla ya mavuno. Yeye na mimi.

Tulianza Jumatatu.